Samaki Aliyelinda Kisima cha Bibi

Kisima chetu kilinuka udongo wa mfinyanzi na mabibo yaliyochacha. Sikitukani; mpaka leo nikipita mahali ambapo mvua ya kwanza imepiga udongo mweupe chini ya mikorosho, nasimama kidogo nivute pumzi, na watu wanadhani nimesahau kitu nyumbani. Ilikuwa Oktoba kwenda Novemba, msimu wa korosho, maji yameshuka chini kabisa. Ili ujaze ndoo ilibidi uingie shimoni kwa vidato tulivyovichonga kwa jembe, uchote kwa kata, usubiri maji yajikusanye, uchote tena. Huko juu, pande zote za bonde, mabibo mekundu na ya manjano yalikuwa yameanguka na kuumuka kwenye jua, nyuki wanayazunguka, na utamu wake uliooza unatushukia mpaka tulipochuchumaa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, katika kijiji kimoja karibu na Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Ndoo yangu ilikuwa ya plastiki ya kijani, imepasuka mdomo, nami niliibeba kichwani bila kuishika kwa mkono ili wenzangu wanione. Nilikuwa na maringo, nakiri.

Ndani ya ukuta wa kisima, kimo cha bega la mtu mzima, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa jiwe bapa, na ndani ya tundu hilo alikaa samaki. Najua msomaji atasema, haya, tumeanza. Subiri. Samaki mwenyewe alikuwa jiwe, amelala ndani ya bamba la jiwe jingine la rangi ya mchanga, nusu yake ya mbele tu, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mkia ulibaki huko ulikobaki. Magamba yake hayakuwa haya ya kuparua kwa kisu yakarukia ukutani. Yalikuwa manene, ya pembe nne, yamepangana kwa mistari ya mshazari kama punje kwenye gunzi la hindi, ya rangi ya kahawia inayokaribia weusi, na ukiyamwagia maji yaling'aa kuliko sahani za wageni. Taya lilikuwa wazi kidogo, na mle ndani mlikuwa na meno madogo ya mviringo ambayo niliyajua yote kwa kuyapapasa kwa kidole. Kwetu samaki alikuwa ni yule mkavu aliyeletwa sokoni kutoka Lindi au Kilwa, amekunjamana, macho hana. Huyu wa jiwe alikuwa na tundu la jicho la duara kabisa, na mimi nilikuwa nikimsalimia.

Mwenye kisima alikuwa bibi yangu mzaa mama. Sisi Wamwera ukoo wetu unafuata mama, na kisima kilishuka kwa wanawake, kutoka kwa mama wa bibi kuja kwa bibi. Alinieleza kwamba zamani, kabla ya watu, bonde lile lilikuwa na maji mengi, kisha maji yakaondoka na viumbe wake wote, isipokuwa huyu mmoja aliyekataa kuhama. Maadamu yupo, maji yana mtu wa kumrudia. Kila mwaka mawingu yanapoanza kukusanyika, wanawake wa ukoo walikuja kisimani asubuhi, bibi akafungua tundu, akamwosha samaki, akamnyunyizia unga wa mtama na kuomba mvua ije bila hasira. Bibi alikuwa Mwislamu wa sala tano, na hakuona ugomvi wowote katika jambo hili. Alisema unga ni salamu tu, na salamu si dhambi. Baada ya hapo tundu lilizibwa mpaka mwaka mwingine. Mwaka ule alianza kunichukua mimi peke yangu kwenda kusafisha lile tundu, kutoa mizizi na konokono. Alikuwa na mabinti watatu na wajukuu wa kike tele, lakini aliniambia waziwazi kwamba atakapochoka, kisima kitakuwa changu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Basi mwezi wa Julai akaja mwalimu mpya kutoka Singida, kituo chake cha kwanza cha kazi, msichana mwembamba mwenye begi moja la nguo na maboksi mawili ya vitabu. Jina lake Salima. Na mimi ni Salima. Niliporudi nyumbani na habari hiyo, bibi alipiga makofi mara mbili akacheka. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana somo, na hili si jambo la mzaha. Somo yako ni wewe mwenyewe umewekwa katika mwili mwingine. Chake ni chako, aibu yake ni aibu yako. Akikuomba humnyimi, ukimkabidhi kitu analala nacho jicho moja wazi. Bibi alinituma nimpelekee jogoo na kikapu cha mihogo mikavu, nimwambie ni salamu za nyumbani kwao. Mwalimu hakumrudisha jogoo. Jumamosi iliyofuata alikuja kushukuru, akapiga magoti kwenye mkeka, akamwamkia bibi kwa Kimwera cha kubahatisha kilichotuvunja mbavu, kisha akasema kwa Kiswahili, nami nikamfasiria bibi, "Kuanzia leo mimi ni mjukuu wako. Nimepata kwetu." Aliyasema kwa mdomo wake. Hakuna aliyemlazimisha.

Nilimpenda, na ninaona vibaya kuliandika hilo. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia chumvi, na mama alikijua cha kusikia tu, kwa hiyo Kiswahili kizuri kilikuwa cha redio na cha Mwalimu Salima. Alinirekebisha matamshi yangu bila kunicheka. Aliniita "somo" mbele ya shule nzima, mstarini, na wenzangu wakanibatiza Mwalimu Mdogo. Siku moja nilimfundisha kula bibo kwa chumvi, na maji yake yakamchuruzikia kwenye blauzi nyeupe. Doa la bibo halitoki, hata ufue kwa majivu. Nililia kwa woga, yeye akacheka, akaendelea kuivaa blauzi ile na doa lake, akisema ni muhuri wa Ruangwa. Mtu wa hivyo ungemshuku kwa lipi? Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja hakagui nguo zake.

Mwezi wa Oktoba tukaambiwa mkaguzi wa elimu anakuja. Mwalimu Salima, aliyetufundisha sayansi, akatandika kitambaa juu ya meza ya nyuma na kutuambia kila mmoja alete kitu cha ajabu kutoka kwao. Mwenzangu mmoja alileta fuvu la kima. Mwingine akaleta kiota cha ndege kilichofumwa vizuri sana, mwingine sumaku ya redio mbovu, akatuonyesha inavyonasa sindano, darasa zima likamzunguka. Mimi sikuwa na kitu, na niliyezoea kuangaliwa nilikuwa siangaliwi. Maneno yakanitoka mdomoni: "Sisi tuna samaki ndani ya jiwe." Wenzangu wakaangua kicheko, lakini mwalimu hakucheka. Baada ya vipindi aliniita pembeni, akaniuliza ana magamba, ana meno, yuko wapi. Nikamjibu yote, nikaongeza kwamba ni wa bibi na haguswi. Akanishika mabega. "Niletee nimwone, somo. Ijumaa mkaguzi anaondoka, na Ijumaa hiyohiyo samaki anarudi kwake." Nikamwambia sijui bibi atasemaje. "Basi tusimsumbue bibi," akasema. "Mimi na wewe si mtu mmoja? Umemkabidhi nani, kama si wewe mwenyewe?" Hapo ndipo aliponipata. Alikuwa amejifunza mila yetu vizuri kuliko nilivyojua.

Jumanne alfajiri nilikwenda kisimani kabla ya wengine. Nilimtoa samaki kwa mikono miwili, nikamlaza kwenye beseni la mama, nikamfunika kwa kisamvu, kisha nikarudisha lile jiwe bapa na kulipaka tope pembeni lisionekane limeguswa. Uzito wake ulinikaza shingo mpaka shuleni. Njiani nilikutana na mama mmoja jirani akaniuliza kisamvu chote hicho nakipeleka kwa nani. Nikasema ni cha mwalimu, na kweli kilikuwa cha mwalimu. Nilijua ninachofanya ni kibaya. Sitaki kujifanya malaika kwa kuwa nimekuwa mtu mzima na ninaandika. Lakini nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni kibaya cha siku tatu.

Siku hizo tatu zilikuwa tamu. Mwalimu alimsugua samaki kwa mswaki mkuukuu na maji mpaka magamba yakameta, akamweka katikati ya meza, nami nikasimamishwa kando yake kama bibi harusi. Mkaguzi alimwinamia, akatikisa kichwa. Alhamisi akaja mgeni mwingine kwa pikipiki, kijana mrefu wa kampuni moja ya kutafuta madini iliyokuwa ikipima mawe upande wetu. Alikuwa mchumba wa mwalimu. Darasa zima lilijua, kwa jinsi mwalimu alivyokuwa akirekebisha kilemba. Kijana alichuchumaa mbele ya samaki akatoa kioo cha kukuzia, akayapitia magamba mstari kwa mstari. Kisha akatuambia kwamba huyu si samaki wa bonde letu tu. Ni wa jenasi iliyokwisha kutoweka duniani, inaitwa Lepidotesi, na maana ya jina ni mwenye magamba. Aliishi wakati wa wale mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa hukuhuku mkoani Lindi ikapelekwa ng'ambo. Yale meno ya mviringo yalikuwa ya kusagia makombe na konokono wa majini. Akasema pia kwamba yuko katika kundi kubwa la samaki wenye mapezi ya miale, kundi moja na perege wetu, ila ukoo wake haukuacha mtoto. Mwalimu aliandika jina lile ubaoni, nami nililinakili mara tano kwenye daftari. Kijana akaniuliza, "Ni wewe uliyemleta?" Nikasema ndiyo. Alikuwa na kitabu cha kuandikia na kalamu mkononi, na jina langu hakuliandika.

Ijumaa nilikuja na beseni. Meza ilikuwa na fuvu la kima, kiota na sumaku. Mwalimu akaniambia samaki amefungiwa kabatini asije akavunjika, nije Jumatatu. Jumatatu ufunguo wa kabati alikuwa nao Mwalimu Mkuu, naye kasafiri kwenda Ruangwa mjini. Wiki ikaisha. Wiki iliyofuata mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha, kisha akawa na homa, kisha akawa na haraka. Nilibeba lile beseni kwenda na kurudi mpaka mama akaniuliza kama nimeanza biashara ya kisamvu. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Nachingwea. Nilikuwa nikiyaangalia kila jioni, kwa sababu nilijua yakikusanyika vya kutosha bibi atatangaza siku ya unga. Lakini hata hapo sikumshuku mwalimu. Nilikuwa naogopa kuchelewa tu.

Siku ya unga ikafika ikiwa Jumapili. Wanawake wa ukoo kama kumi hivi walisimama ukingoni na kanga zao za heshima, bibi akashuka kisimani, mimi nyuma yake nimeshika kibuyu cha maji ya kuoshea. Akabandua jiwe bapa. Akaingiza mkono, na mkono ukabaki mle ndani, unapapasa. Akauingiza mpaka begani. Mdogo wake, bibi mdogo, akauliza kutoka juu kuna nini, na bibi akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hayupo." Bibi mdogo akasema, "Dada, umemweka wapi?" Siku zile magari ya watafuta madini yalikuwa yakipita vijijini, watu wakionyesha mawe kutoka mashambani mwao, na kila mwanamke pale aliwaza jambo hilohilo. Nilimwona bibi, mtu ambaye sikuwahi kumwona akijitetea kwa lolote, anawageuzia wenzake viganja vitupu wavione. Nikasema palepale kwamba nimemchukua mimi, yuko shuleni kwa somo yangu, kabatini, kesho tutamleta. Bibi aliniangalia, kisha akashusha pumzi. Hata akatabasamu. Alisema kama yuko kwa somo, basi hajatoka nyumbani.

Jumatatu tulikwenda shuleni watatu, mimi, bibi na bibi mdogo aliyetaka kuona kwa macho yake. Tulipelekwa ofisini. Mwalimu Mkuu akawapa wazee viti, akaniambia nifasiri. Bibi akasema kwa Kimwera, nami nikakigeuza Kiswahili, kwamba hana ugomvi na mtu, mtoto alikosea kuchukua bila ruhusa na atafunzwa nyumbani, yeye anamwomba mjukuu wake mwingine ampe samaki wao, mvua inakaribia. Mwalimu Salima alikuwa amesimama dirishani na ile blauzi yenye doa. Akasema, "Lakini, bibi, samaki si nilimrudishia Salima? Ijumaa ileile. Alimbeba kwenye beseni lake."

Kwa kitambo nilidhani amekosea, amechanganya siku. Nikamwambia, "Mwalimu, hukunipa." Hakuniangalia. Alimwangalia Mwalimu Mkuu, akasema kwa huzuni iliyopangwa vizuri, "Nampenda sana mtoto huyu, lakini ana tabia ya uongo. Huenda amewauzia watu wa madini." Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Mfasirie bibi yako." Nami nikafasiri. Nilifasiri neno kwa neno, kwamba mimi ni mwongo, kwamba huenda nimemuuza, sikupunguza hata moja. Ningeweza kusema chochote pale. Wazee wale wasingejua. Lakini akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba nikifasiri kwa uaminifu, bibi ataona wazi kuwa mtu mwongo hawezi kuyabeba maneno ya kumwangamiza mwenyewe akayafikisha salama. Bibi hakuona hivyo. Aliuliza swali moja tu: je, mwalimu anasema haya kama somo yangu? Nikamfasiria mwalimu swali hilo. Mwalimu Salima akajibu, "Ndiyo, kama somo yake." Mwalimu Mkuu alinichapa viboko viwili kwa kumsingizia mwalimu, wazee wangu wakashukuru, tukaondoka.

Njiani bibi alitangulia mbele mpaka tulipokaribia nyumbani. Hapo bibi akasimama, akanitazama, akanipa hukumu ambayo sijawahi kupata jibu lake. Alisema, "Kama somo yako hakumchukua, wewe ni mwongo. Na kama amemchukua, basi aliyemchukua ni wewe, maana jina ni moja na mlango mliufungua wote. Sasa nikulilie wapi?" Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Kwake yeye mtu aliyekula jogoo wa somo, akapiga magoti kwenye mkeka, hawezi kumgeuka somo yake; kitu cha namna hiyo hakikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mjukuu wake kaharibika. Kosa lake lilikuwa hilo, na namlaumu kwa hilo mpaka leo, Mungu anisamehe. Mimi nilimwambia kweli nikiwa na miaka kumi na mmoja na yeye akachagua mila.

Hakunipiga wala kuninyima chakula. Aliacha tu kunituma. Msimu huo unga wa mtama aliubeba Mwanahawa, binti wa mama mkubwa, mtoto mpole ambaye hata kucheka alikuwa anaomba ruhusa. Tundu likasafishwa na Mwanahawa, ingawa lilikuwa tupu, na unga ukawekwa kwenye jiwe bapa lenyewe. Mvua ikanyesha vizuri tu mwaka ule, tena kwa wakati, na nakiri hilo lilinikera. Nilikuwa nikitamani ichelewe mpaka mtu fulani alazimike kusema kweli. Bibi mdogo hakuacha kunong'ona kwamba dada yake ameshindwa kulinda alichoachiwa, na bibi akawa hakai tena mbele kwenye shughuli za ukoo. Januari Mwalimu Salima akahamishiwa Nachingwea. Aliondoka bila kuniaga. Miaka minne baadaye, nilipokuwa kidato cha pili, bibi aliugua. Nilikaa naye alasiri moja, nikimpepea kwa upepeo wa ukili, akafumbua macho akaniambia kwa upole, mtu anavyomsemesha mgonjwa ingawa mgonjwa alikuwa yeye, "Salima, hatuko na mtu hapa. Ulimpeleka wapi?" Nikamwambia kwa mara nyingine yaleyale. Akasema, "Haya," akafumba macho. Hakufariki siku hiyo, alikaa wiki mbili zaidi, lakini hakuniuliza tena.

Sasa nina duka la pembejeo Nachingwea mjini. Niliolewa na mtu wa Ruponda, tuna watoto watatu. Nauza salfa, dawa ya mikorosho, mbegu za ufuta, mabomba ya kupulizia dawa, na ulimi wangu mkali unajulikana soko zima. Kule kwetu maji yanatoka kwenye bomba karibu na zahanati, kisima kimefukiwa na udongo, na Mwanahawa anafuga kuku Mtwara. Siku hizi Ruangwa hakuna jiwe lisilotazamwa. Watoto wa darasa la tano wanajua kutofautisha kinywe, madini ya penseli, na makaa, wanajua dhahabu inakaa kwenye mawe gani. Ukiokota jiwe njiani mtu anasimamisha bodaboda akuulize umeona nini. Sisi tulikuwa na jiwe moja tu tulilolijali, nalo tulilitilia unga. Mwanangu wa kwanza aliitafuta ile Lepidotesi kwenye simu, akanionyesha picha moja baada ya nyingine, na magamba ni yaleyale, punje za hindi zilezile. Nimewaangalia wote mmoja mmoja, na wote ni wa watu wengine. Wa kwetu taya lake lilikuwa wazi zaidi.

Mwaka jana, salfa ilipoanza kuuzwa, aliingia dukani mama mmoja mnene mwenye miwani, akataka mifuko miwili, shamba lake liko Nambambo. Nilipokuwa namwandikia risiti akasoma jina langu, akanitazama, akavua miwani. "Wewe si somo yangu wa Mbekenyera?" Akazunguka kaunta akanikumbatia, machozi yakimtoka ya furaha ya kweli kabisa. Nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Mdomo una adabu zake hata moyo ukikataa. Aliuliza habari za watoto, za mume, akasifu duka. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza samaki alikwenda wapi.

Alikaa kwenye gunia la mbegu. Kwanza akasema, "Kumbe bado unalo moyoni?" Halafu akaeleza. Yule kijana wa pikipiki alimwomba samaki ampeleke Dar es Salaam akaonwe na wataalamu, kwa wiki moja tu. Hakurudi yeye wala samaki; baadaye akasikia ameoa Morogoro. "Alinidanganya na mimi, somo," akasema, na nikaona bado linamuuma. Nilimpa pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha nikamuuliza, na mimi je, kwa nini alinitaja mimi? Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio. "Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, Mwalimu Mkuu kasimama pale. Mimi nilikuwa mgeni, wangenifukuza. Wewe ulikuwa mtoto wao. Nilijua wewe watakusamehe."

Miaka yote hii nilidhani alinitupa bila kufikiri, kwa hofu. Kumbe alipiga hesabu. Aliangalia kilichokuwa kati yangu na bibi, akaona ni kingi, akaona kikipunguzwa kidogo hakitaisha, akakitumia. Nilitaka kumwambia lile "Haya" la bibi lilivyosikika, nikaona sina Kiswahili cha kumtosha. Akaniuliza bibi yupo? Nikamwambia alishafariki, zamani. Akasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akashusha pumzi, na mimi muuza duka ninayeangalia nyuso za watu kutwa nzima najua pumzi ya huzuni na najua pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akasimama, akakung'uta gauni, akanishika mkono.

"Basi haya yabaki kati yetu, somo," akaniambia. "Huku watu wananiheshimu, nina wajukuu." Nilimfungia salfa yake, nikamwita kijana wa bodaboda amfungie mifuko vizuri isimwagike, nikamsindikiza mpaka mlangoni. "Sawa, mwalimu," nikamjibu, "yatabaki kati yetu." Akaniamini.